Nimemposea Mume Wangu, Naye Hana Habari

Shangazi Nyamvula, shikamoo.

Mimi ukurasa wako wa Jumapili naupenda, na siku zote nikisoma barua za wenzangu husema hawa watu hawana haya, mambo ya nyumbani wanayatoa gazetini, na leo ndiyo zamu yangu, nimefunga mlango wa jikoni nakuandikia kwa simu, mume wangu yuko sebuleni anatazama kipindi chake cha wanyama huku anacheka peke yake, na nakuomba kwa jina la Mungu unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa baada ya swala watu wa Kisauni wanawangoja wazee wa kwetu wapeleke posa, na bwana harusi mwenyewe, ambaye ni huyo mume wangu, hajui kama ana harusi.

Naona nianze mwanzo usije ukadhani nimerukwa na akili, ingawa hata mimi siku hizi sina hakika. Nina miaka arubaini na saba, naishi Timbwani, na ukija Likoni ukauliza mtu wa kupeleka maneno utaletwa kwangu. Unajua kwetu kabla wanaume hawajavaa kanzu na kwenda rasmi, wanawake hutangulia kimya kimya, tunakaa, tunanyweshwa kahawa, tunasifu mapazia, tukiona nyuso zimekunjuka ndipo mmoja wetu anatupa neno, na huyo mmoja miaka yote ni mimi. Si kazi ya malipo, ni heshima tu, lakini nimeoza watu, Shangazi, nusu ya watoto wanaokimbiakimbia huku kwetu wasingezaliwa bila ulimi wangu. Mume wangu, nitamwita Mahfudh, ni fundi wa friji, mtu mpole, mcheshi, hana ugomvi na mtu, tuna Tima ambaye ameolewa Miritini, na tuna Nusaiba ambaye bado yuko shule.

Sasa tangu mwaka juzi hivi mwili wangu umeniasi. Siku zangu zilikuwa zinakuja kama saa ya msikiti, zikaanza kuja mara mbili kwa mwezi, tena nyingi za kutisha, kisha zikapotea nikadhani zimekoma, nikashukuru, zikarudi siku ya kwanza ya Ramadhani nikiwa nimeshakula daku. Hata kuswali nikawa sijui, leo niko safi ama siko. Nikiwa nimekaa tu joto linanipanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele, jasho linanitoka, buibui linalowa, watu wakiuliza nasema ni jua na sisi tumo ndani. Usingizi ukanikimbia. Alfajiri naamka moyo unapiga kama nimefukuzwa, na hakuna kilichonifukuza.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni kwamba raha imetoka, sijui ilitokea mlango gani. Mjukuu analetwa nampakata, namwangalia, najua ni mjukuu wangu, namwombea dua, lakini ndani hakuna kitu. Hali hii niliwahi kuiona mara moja, nilipomzaa Nusaiba, arubaini ikaisha watu wakala wakaenda zao na mimi namtazama mtoto kama mzigo wa mgeni aliouacha akisema ataupitia baadaye, lakini ile iliondoka yenyewe baada ya muda na sikumwambia mtu. Hii haiondoki. Nalia kwa tangazo la godoro. Na nikiacha kulia nakasirika. Siku moja Mahfudh alikuwa anatafuna bisi, ile kurukuru kurukuru ikanipanda kichwani, nikamrushia kifuniko cha sufuria, kikampita kikagonga ukuta, akakiokota akakigeuzageuza, akasema, "Mama Tima, hiki ungekipa nauli kingefika Tanga," akacheka, na mimi nikaingia chumbani nikalia mpaka magharibi, nalilia kwa nini hakukasirika.

Wifi yangu akasema nimekaliwa na kitu, akaniletea kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, nikalinywa, nikatulia kidogo, kikarudi kile kile. Wenzangu wa darsa wakasema imani yangu imelegea nizidishe nyiradi, nikazidisha, nikawa nasoma huku machozi yanadondoka kwenye msahafu, nikaona haya nikaacha kwenda.

Halafu likaja la Changamwe. Tulikwenda kutupa neno kwa binti wa watu, sebule imejaa wanawake, kahawa imepita, halua imepita, nikakohoa kidogo kama desturi yangu, nikasema, "Sisi tuna kijana wetu," nikafungua mdomo kumtaja, jina halipo. Nikasema tena, "Tuna kijana wetu," mama wa binti akatabasamu, akangoja, "kijana wetu huyu," na jasho hilo linashuka mpaka ndani ya viatu, mpaka mwenzangu akaninong'oneza, "Khamis." Khamis, Shangazi! Ukirusha jiwe Likoni litampata Khamis! Walinifichia aibu, wakasema dada amechoka, lakini njiani nikajua kile kidogo nilichokuwa nacho kimekwenda. Tangu siku hiyo kila anayekuja kuniita namwambia naumwa mguu.

Ndipo nikaanza kuwaza, huyu mwanamume anakaa na mimi kwa lipi? Simchekeshi, simpikii kwa raha, kitandani namgeuzia mgongo, nikisikia anafungua lango natamani arudi alikotoka, na yeye anaingia na mfuko wa maembe. Nikaona namdhulumu. Nikaona wote nawadhulumu, yeye na Nusaiba. Na fikira hiyo ikawa haitoki, asubuhi iko, jioni iko, mpaka ikaja nyingine juu yake ikaonekana ni ya busara kabisa: mtafutie mke. Si mimi ndiye mtafutaji?

Kisauni kuna mwanamke mjane, nitamwita Ummulkheir, anatengeneza achari anauza, mtu wa watu, uso mkunjufu, mwaka jana Mahfudh alimtengenezea friji. Nikavaa, nikavuka feri peke yangu bila kumwambia mtu. Nikamkuta anakoroga ndimu kwenye beseni.

"Karibu dada. Leo unampelekea nani neno? Mimi binti sina."

"Nimekujia wewe."

"Mimi! Kwa nani tena na utu uzima huu?"

"Kwa bwana wangu."

Akaacha kukoroga. Akaniangalia. "Dada, una homa?"

Nikamwambia sina, niko timamu, na hapo, wallahi, ulimi wangu ulirudi. Nilizungumza kama zamani. Nikamsifu Mahfudh mpaka nikamwonea wivu mwenyewe. Akaniuliza, "Na wewe umeridhika?" nikasema nimeridhika kwa moyo wangu. Akauliza, "Na yeye amesema nini?" nikamwambia hayo niachie mimi. Kisha nikamweleza yote ili asipate shida: chai yake itiwe tangawizi nyingi na sukari kidogo, dawa ya presha ameze akishakula, sukari yenyewe iko kabati la juu kushoto, mlango wa jikoni ukikwama auinue kwanza ndipo asukume, Nusaiba asigombezwe asubuhi maana akiamka hana neno zuri na mtu, lakini akisukwa nywele ndipo anaposema yaliyomo moyoni. Ummulkheir akalia. Akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye moyo kama wangu. Nikarudi nyumbani mwepesi, lile jiwe la kifuani limeondoka, nikalala usingizi ambao sikuupata miezi mingi.

Juzi kaka yake Ummulkheir, Bwana Aqil, akapiga simu. "Sisi tumeridhia. Ijumaa baada ya swala tunawangoja wazee wenu." Nikasema inshallah. Nikakata simu.

Na jana Mahfudh akaingia na feni ndogo ya kuchaji, ameitoa sijui wapi, ameitengeneza, ameifunga kwa waya kwenye kichwa cha kitanda upande wangu. Akasema, "Joto lako dawa yake siijui, lakini feni nazijua." Nikatoka nje nikaenda kusimama uani.

Usiniulize kama nampenda. Najua nilimpenda. Sasa ni kama kula na mafua, unaona kwa macho ni pilau lakini mdomoni hamna ladha. Ninachokuomba, Shangazi, ni maneno. Wewe una maneno na yangu yamekwisha. Nimwambieje akubali bila kudhani namfukuza? Niandikie nikariri, nimwambie, aende Ijumaa, kila mtu apumzike. Nambari yangu nimeiweka hapo chini lakini usiitoe.

Ni mimi,
Mtupa Neno wa Timbwani


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Majina yenu nimeyabadilisha na nambari sikuitoa. Haya nakuandikia Jumatano na nakutumia kwanza wewe kwa simu yako. Gazetini yatatoka Jumapili kwa idhini uliyonipa, maana wako wengi wenye hali yako na hawana hata nguvu ya kuandika.

Nilicheka, nisamehe. Nilipofika kwa Khamis nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha nikakasirika nawe sawasawa. Hivi wewe, mtu mzima, mpeleka maneno wa miaka yote hiyo, unatoka kwako unavuka feri kwenda kumgawa mume wa watu kama anayegawa visheti vya Idi? Mwenyewe hujamuuliza! Angekuwa kijana wa jirani ungemuuliza kwanza, "Je, mwanangu, binti unamtaka?" Huyu uliyelala naye miaka yote hujamuuliza hata kama ameshiba. Na yule mjane wa watu ulimwendea ametulia na achari zake, ukamtia nyumba moyoni. Ana haki zake huyo. Tutamfikia.

Maneno uliyoniomba sikupi. Hata ungeyalipia.

Lakini kuna mahali katika barua yako kicheko kilinikauka, na nataka msomaji naye asimame hapo hapo. Wewe unaijua desturi kuliko mimi. Mke wa pili huwekewa nyumba yake. Ana jiko lake, kabati lake, mlango wake unaokwama au usiokwama. Ummulkheir ana nyumba Kisauni. Sasa yeye sukari yako iliyoko kabati la juu kushoto ataijulia nini? Nywele za Nusaiba atazisuka kwa sababu gani, na mama yake yupo? Nilisoma mara ya pili nikaona wewe hukwenda Kisauni kutafuta mke mwenza. Ulikwenda kukabidhi nyumba. Na anayekabidhi nyumba ni mtu anayeondoka. Halafu ukarudi mwepesi, jiwe limetoka, ukalala fofofo. Wepesi huo ndio ulionitia hofu zaidi ya machozi yako yote.

Kwa hivyo sikungoja Jumapili. Nikapiga ile nambari. Ukaitika, "Abee," sauti ya chini. Nikakuuliza, "Mama Tima, wewe ulikuwa unakwenda wapi?" Nikawa nasikia simba ananguruma kwenye hiyo televisheni yenu. Kisha ukasema, "Sina pa kwenda, Shangazi. Nilitaka nisiwepo tu." Nikakuuliza wazi, maana jambo hili huulizwa wazi na kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo: umefikiria kujiua? Ukasema umekuwa ukiomba ulale usiamke. Nikakwambia mpe Mahfudh simu. Ukakataa. Nikakwambia basi tutakaa hivi hivi mpaka salio langu liishe, na salio ninalo. Ukampa.

Nilimwambia maneno machache: mkeo ni mgonjwa, asiachwe peke yake, kesho asubuhi mpeleke hospitali. Habari ya posa sikumgusia, hiyo ni yako. Unajua alinijibu nini? Hukusikia, maana mwenyewe aliniambia umeketi sakafuni unalia. Alisema, "Shangazi, mimi nilidhani nimemchosha." Mwanamume anazunguka na feni na maembe akidhani ni yeye amekuchosha, na wewe unazunguka na posa ukidhani umemchosha yeye. Nyinyi wawili mnahitaji kupigwa makofi kisha kukumbatiwa.

Sasa nisikilize, nikueleze kinachokupata, kisha ukakiseme mbele ya daktari bila haya.

Uko katika kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Watu wetu hudhani ni jambo la tumbo tu, siku zinakatika, basi. Si kweli. Ile homoni kubwa ya kike, estrojeni, katika miaka hii haipungui taratibu kwa adabu. Inapanda leo, inaporomoka kesho, inapanda tena. Na kazi yake si ya kizazi peke yake. Ubongo wako huitumia. Humo kichwani kuna kemikali iitwayo serotonini, ndiyo inayosaidia mtu kutulia, kulala, kuona utamu wa vitu vya kawaida, mjukuu, pilau, mume anayechekesha. Estrojeni husaidia ubongo kuitengeneza na kuitumia hiyo serotonini. Ikiyumba moja, na nyingine huyumba. Kuna homoni mwenzake, projesteroni, mwili huigeuza kitu kinachotuliza mishipa ya fahamu. Nayo ikichezacheza ndipo mtu anaposikia bisi za mumewe zimekuwa mabomu. Ongeza joto na jasho linalokukatia usingizi, maana asiyelala, hata angekuwa malaika, angerusha kifuniko. Na lile jina lililopotea huku kwetu Changamwe, wengi huwapata katika miaka hii hii. Maneno huja yakachelewa. Hujawa mjinga, na kwa wengi hupungua.

Si kila mwanamke hushikwa hivi. Kuna anayepita akalalamika joto tu, kuna asiyehisi chochote. Lakini wewe umenipa jambo moja kwa kulipitia juu juu, nami nililishika: ile hali ya baada ya kumzaa Nusaiba. Ile ilikuwa sonona ya uzazi, hukutibiwa, ukanyamaza nayo. Mwanamke ambaye ubongo wake uliwahi kutikiswa na homoni wakati wa kuzaa, yumo hatarini zaidi kutikiswa tena wakati huu. Umwambie daktari hilo kwanza kabla hajakuuliza. Usiseme, "Naumwa mguu."

Ugonjwa unaitwa sonona, wengine wanauita unyogovu. Na tabia yake mbaya kuliko zote ni kwamba husema uongo kwa sauti yako mwenyewe. Ungesikia mtu mwingine akikwambia huna faida kwa mumeo ungemfukuza na ufagio. Huyu anasema kwa sauti yako, ndani ya kichwa chako, kwa ulimi wako huo huo mtamu, ndiyo maana ulimwamini. Ulipoketi kwa Ummulkheir ukazungumza kama zamani, ulifurahi kwamba ulimi umerudi. Mwanangu, ulikuwa unaupelekea posa ugonjwa.

Imani yako haijalegea. Mtu anayesoma msahafu huku analia hajaacha imani, ameishikilia kwa vidole. Kombe la wifi yako sina ugomvi nalo na dua usiache, lakini wewe ukiumwa jino huombi dua ukakataa kung'olewa. Suala la damu isiyo na mpangilio na swala, muulize mwalimu wa kike anayeijua elimu hiyo, jawabu lipo na ni jepesi, usikae miezi na dhana kwamba umefukuzwa mlangoni.

Hospitalini utataka nini? Utataka wakupime damu, kwa sababu siku nyingi za kutisha huacha mtu hana damu na hilo peke yake huchosha na kuhuzunisha. Wakupime tezi ya shingo, nayo ikiharibika hujifanya sonona. Uwaambie habari ya kuomba usiamke, maneno hayo hayo, usiyapambe. Zipo dawa za sonona. Hazifanyi kazi siku ya kwanza, huchukua wiki kadhaa, na ukipata nafuu usizitupe mwenyewe, rudi kwa aliyekupa. Yapo matibabu ya homoni kwa anayefaa, daktari atatazama presha na historia yako aamue. Na yuko mshauri wa kuzungumza naye uso kwa uso, si wa gazeti kama mimi. Dawa zozote zilizomo nyumbani Mahfudh azifungie yeye kwa sasa, na ile ya presha aimeze mbele yako kisha afunge. Likikujia lile wazo kwa nguvu, usilipokee peke yako: mwamshe, mpigie Tima, nenda hospitali iliyo karibu saa yoyote ile. Usione ni usumbufu. Wewe umesumbua nyumba ngapi kwa posa na zote zilikukaribisha?

Sasa Ummulkheir. Leo hii, kabla jua halijazama, mpigie yeye mwenyewe, si kaka yake. Mwambie, "Dada, nilikuja kwako nikiwa mgonjwa, sikujua kama ni ugonjwa, na bwana wangu hana habari. Nisamehe." Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, usimkate kauli. Yule alikuuliza mara mbili maswali ya mtu mzima, kama unaumwa, na mwenyewe amesema nini, na mara zote mbili ulimzunguka. Nafikiri baada ya hasira atakuja kukuona, maana aliyelia kwa ajili yako siku ile hawezi kuwa mtu mbaya. Akija, mpokee, usimuage mpaka amekunywa chai. Kaka yake atamweleza yeye. Wanaume hao watakunja kanzu zao watazirudisha kabatini na hakuna atakayekufa.

Halafu Mahfudh. Najua hili ndilo linalokupa jasho kuliko homoni. Wewe unataka hotuba. Zima hiyo televisheni, keti karibu naye, umwambie, "Mahfudh, naumwa, na katika ugonjwa nilikuposea mke Kisauni." Basi. Usimsifu Ummulkheir, usijilaani, usimpangie la kujibu. Pengine atanyamaza. Pengine atatoka nje azunguke nyumba. Pengine atacheka, kwa jinsi ulivyomweleza mimi naona atacheka, kisha ataumia baadaye, na akiumia utamwacha aumie na wewe ukae hapo hapo usikimbilie chumbani. Haki yake kuumia. Umemtoa kama kitu kilichobaki, na yeye alikuwa anakufungia feni.

Nanyi wasomaji wangu wa kike na wa kiume, mkimwona mama wa nyumba ameanza kumfundisha mwingine kazi zake, anagawa leso zake, anaeleza mlango unavyofunguliwa, na ghafla ametulia baada ya kilio kirefu, msimsifu kwa moyo mzuri. Mkaeni naye chini mmuulize anakwenda wapi, na msiondoke mpaka awajibu.

Mama Tima, Ijumaa hakuna mzee wa kwenu atakayevaa kanzu kwenda Kisauni. Ijumaa wewe na Mahfudh mtakuwa mmesharudi kutoka hospitali, umepewa tarehe ya kurudi, na utarudi tarehe hiyo hata kama umeamka unajisikia vizuri. Kutupa maneno acha kwanza, utarudia ukipona, Likoni itakungoja. Na huyo mume wako usimtafutie mke tena. Mke anaye. Ni mgonjwa, yuko nyumbani, na mwenyewe anamtaka apone.

Shangazi Nyamvula,
Changamwe